Pushapu Si Adhabu: Mjadala wa Nguvu Katika Kipindi cha Michezo

Muulize mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania ni lini alipiga pushapu kwa mara ya mwisho, naye huenda akakutajia kosa badala ya tarehe: kuchelewa mstarini, kelele darasani, kusema Kiswahili siku ya Kiingereza, shati kuchomoka. Kuruka kichura nako ni vivyo hivyo. Mazoezi yanayojenga miguu, mabega na kifua tumeyaingiza kwenye orodha ya adhabu, halafu tunashangaa mwalimu wa michezo anapoyaleta kwenye kipindi chake na darasa zima linanuna.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na walau siku tatu kwa wiki wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa. Nusu ya kwanza ya agizo hilo shule zetu zinaielewa: mchakamchaka, mpira wa miguu, netiboli, rede. Nusu ya pili ndiyo inayozua maneno. Basi nimewaketisha wasemaji sita kwenye ofisi moja ya walimu. Sikuwapa majina kwa kuwa ni sauti nilizozitunga, ila aliyewahi kukaa kikao cha shule atawatambua wote. Uenyekiti nimeuchukua mwenyewe, na niseme mapema kwamba mwenyekiti wa kikao hiki ana upande.

MWALIMU WA MICHEZO: Ombi langu ni dogo. Dakika kumi na tano za mwanzo katika kila kipindi changu ziwe za mazoezi ya nguvu. Siombi jimu wala vyuma. Naomba ruhusa, na naomba nisaidiwe kujifunza namna ya kuyafundisha, maana chuoni nilifundishwa sheria za mpira wa wavu kuliko nilivyofundishwa jinsi mtoto anavyopaswa kuchuchumaa.

MWALIMU WA TAALUMA: Mwalimu mwenzangu, kipindi chenyewe ni dakika arobaini. Toa za kubadili nguo, toa za kwenda uwanjani na kurudi. Ukichukua kumi na tano tena, michezo itachezwa saa ngapi?

MWALIMU WA MICHEZO: Kwani sasa hivi inachezwa? Nina wanafunzi themanini na mpira mmoja. Ishirini na wawili wanacheza, wachache wanashangilia, waliobaki wako chini ya mwembe wanasukana nywele. Zile dakika kumi na tano ndizo pekee ambazo wote themanini watatoka jasho.

MWALIMU WA TAALUMA: Haya. Lakini nguvu hawa watoto wanayo. Tusiige mambo ya nchi ambazo mtoto anapelekwa shule kwa gari na kurudishwa kwa gari. Wa kwetu anatembea, analima, anachota maji. Enzi za Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, nani alizungumzia mazoezi ya nguvu darasani?

MWALIMU WA MICHEZO: Bayi ni mmoja. Mimi nina themanini.

MAMA MZAZI: Samahani, walimu. Hilo la kuchota maji naomba niliseme mimi. Binti yangu yuko darasa la sita. Anabeba dumu la lita ishirini kichwani, na lita ishirini ni kilo ishirini. Yeye mwenyewe sidhani kama anafika arobaini. Akirudi analalamika shingo. Kama hayo ndiyo mazoezi, basi ameshafanya ya kutosha, msimwongezee mengine. Na kaka yake wa kidato cha kwanza habebi chochote.

Hoja ya mama huyu ina ncha mbili, na nimeona mijadala mingi ikishika moja tu. Ni kweli kwamba watoto wetu wengi wanabeba mizigo. Ni kweli pia kwamba anayebeba ni huyuhuyu kila siku, kwa upande uleule wa mwili, kwa uzito ambao haukupimwa na mtu, bila siku ya kupumzika. Kazi ya nyumbani haimuulizi mtoto kama jana alichoka. Mazoezi ya nguvu yanayostahili kuitwa somo huanza kwa kuuliza hivyo. Nilimpa nafasi mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye kila mtu ofisini alimwita Dokta na yeye hakujisumbua kukanusha.

TABIBU: Mama, binti yako ndiye ninayemhitaji kwenye kipindi hicho kuliko mtu mwingine yeyote. Hahitaji mzigo zaidi. Anahitaji kufundishwa kuinua mzigo ulio chini kwa kukunja nyonga na magoti huku mgongo umenyooka, na aimarishe mgongo wa juu, mabega na tumbo ili dumu likiwa kichwani shingo isifanye kazi peke yake. Hayo ni mazoezi ya nguvu. Na kaka yake asiyebeba kitu anayahitaji kwa sababu hiyohiyo ya kutobeba kitu.

MAMA MZAZI: Lakini Dokta, tangu tukiwa wadogo tunaambiwa mtoto akinyanyua vitu vizito anadumaa. Harefuki.

TABIBU: Hofu hiyo iko dunia nzima, na chanzo chake kinaeleweka. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna sehemu ya gegedu, laini kuliko mfupa wenyewe, na hapo ndipo mfupa unapoongezea urefu. Ikiumia vibaya, ukuaji wa mfupa huo unaweza kuharibika. Sasa tazama wanaoumia hapo ni akina nani: wanaoanguka kutoka mitini, wanaogongana uwanjani, wanaojaribu kunyanyua uzito wa mwisho wa uwezo wao bila msimamizi. Kwenye mazoezi yenye mwalimu, uzito wa wastani na mwendo sahihi, ushahidi wa kudumaza haujaonekana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliandika hivyo mwaka 2020, na jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilikuwa limeshasema jambo hilohilo mwaka 2014. Mtoto wa miaka saba au minane anayeweza kusikiliza maelekezo na kuyafuata anaweza kuanza.

Hapa mwenyekiti ana neno. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amepiga pushapu. Walikosa mlo kamili, waliugua mara kwa mara, na wengine shida yao ilianza wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Tukitaka kuogopa udumavu, na inatupasa, tuanzie jikoni na kliniki. Kuhofia mazoezi na kunyamazia sahani ni kumwachia mwizi mlango na kumbana jirani.

MAMA MZAZI: Umegusa sahani, nami nauliza. Siku ambayo uji haujapikwa shuleni, na mtoto alitoka nyumbani na chai ya rangi tu, mnamfanyisha nini?

TABIBU: Siku hiyo anajifunza mwendo. Anachuchumaa mara chache, taratibu, anarekebishwa, anapumzika. Hapewi mzigo. Na kipindi hiki kikae asubuhi kabla jua halijawa kali, maji ya kunywa yakiwa karibu. Kuna jingine: kwenye kila shule yenye watoto mia kadhaa, mwalimu ajue nani ana selimundu, nani ana pumu, nani ana tatizo la moyo. Mwenye selimundu akifanyishwa kazi mfululizo mpaka ahemewe, tena ana kiu, anaweza kupata maumivu makali na kuishia wodini. Mwache apumzike anapotaka, anywe maji, asishindanishwe na mtu. Hao si wa kuwafukuza kipindini, ila daftari la mwalimu liwe na majina yao kabla filimbi haijapulizwa.

Kijana mmoja alikuwa amesimama mlangoni muda wote huu. Alimaliza kidato cha nne hapohapo, sasa ananyanyua vyuma mtaani: bomba la chuma lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Vituo vya namna hiyo utavikuta uswahilini Dar es Salaam, Tanga, Mombasa.

KIJANA: Shikamooni. Mimi sina mengi. Hao wavulana mnaowajadili kama waanze au wasianze, walishaanza. Jioni wanakuja kwetu na sare za shule. Wa darasa la saba wapo. Kitu cha kwanza anachotaka ni kupima anaweza kunyanyua kiasi gani, na wenzake wanamshangilia. Hakuna wa kumwambia apunguze. Makopo yenyewe hayalingani uzito, moja likiwa zito bomba linalala upande. Mimi mwenyewe bega hili la kulia halipandi vizuri.

MWALIMU WA TAALUMA: Kwa hiyo unatushauri tuwakataze.

KIJANA: Mwalimu, mkiwakataza watakuja usiku. Nasema wafundisheni kabla hawajafika kwetu.

Hoja hii naiona nzito kuliko zote zilizotolewa, na haikutoka kwa mwenye cheti. Tamaa ya nguvu kwa mvulana wa miaka kumi na minne haisubiri mtaala. Suala lililobaki ni nani atakayemkuta kwanza, mwalimu au kopo la zege.

MWALIMU WA TAALUMA: Tuseme nimekubali. Nionyeshe basi. Watoto themanini, uwanja wa vumbi, mwalimu mmoja. Unafanya nini?

MWALIMU WA MICHEZO: Nawapanga wawiliwawili. Mmoja anafanya, mwingine anatazama na kuhesabu, kisha wanabadilishana. Papo hapo wanaofanya ni arobaini, na kila mmoja ana macho ya mwenzake. Mtazamaji nimempa mambo matatu tu ya kuangalia: kisigino hakijanyanyuka, goti linafuata uelekeo wa vidole vya mguu, mgongo haujapinda. Akiona kosa, anasema "simama," wanaanza upya. Mimi napita katikati.

Miendo ni sita. Kuchuchumaa na kuinuka. Kuinama kwa kukunja nyonga, kama anayeokota ndoo. Kusukuma, yaani pushapu, na asiyeweza chini aanzie ukutani, kisha kwenye benchi, kisha chini. Kuvuta. Kubeba kitu na kutembea nacho umejinyoosha. Na kujihimili, ule mkao wa ubao ambapo mwili unashikiliwa na viwiko na vidole vya miguu. Kila kipindi nachagua mitatu.

MWALIMU WA TAALUMA: Na vifaa?

MWALIMU WA MICHEZO: Dumu la mafuta ya kula la lita tano. Likijaa maji ni kilo tano, likijaa mchanga linakaribia nane. Watoto wanayaleta kutoka nyumbani. Kinachonipa shida ni kuvuta. Kamba ya katani ikifungwa kwenye nguzo imara, mwanafunzi anaegemea nyuma na kujivuta, inatosha kwa kuanzia. Magoli sitaki wayaguse. Goli la chuma ambalo halikuchimbiwa chini likiangushwa na watoto wanaoning'inia kwenye mwamba wake linaua, na limeshaua watoto katika nchi nyingi.

TABIBU: Na mzigo unaongezaje? Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

MWALIMU WA MICHEZO: Kwa daftari. Mwanafunzi anaanza na mara nane zilizo safi. Wiki zinazofuata anapanda mpaka kumi na tano. Akifika kumi na tano bila kuharibu mwendo, ndipo anaongeza uzito kidogo, na anarudi kwenye nane. Mizunguko miwili, baadaye mitatu. Hatukutani siku mbili mfululizo kwa zoezi lilelile. Na hakuna kupima uzito wa juu kabisa anaoweza mtu. Hilo nimelipiga marufuku.

MWALIMU WA TAALUMA: Mwalimu wa miaka hamsini na saba mwenye kitambi ataonyeshaje hayo?

MWALIMU WA MICHEZO: Haonyeshi. Anachagua mwanafunzi mwenye mwendo mzuri, anamsimamisha mbele, yeye anafundisha kwa macho na mdomo. Anachotakiwa kujua ni mwendo ulio sawa unafananaje, na kosa linaanzia wapi.

Nimemwacha aseme kwa kirefu kwa sababu shule nyingi zimekwama hapa. Wanaopinga hudhani kikwazo ni vifaa, na wanaounga mkono nao huomba vifaa. Vifaa vingekuja kesho, vingefungiwa stoo. Mara nyingi kipindi cha michezo hupewa mwalimu aliye kijana, au mwenye vipindi vichache, au aliyewahi kuchezea timu ya mkoa. Tunavyo vyuo vinavyoijua kazi hii, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kikiwemo, lakini aliyeko kazini hatarudi chuoni miaka miwili ili ajifunze miendo sita. Kuna njia fupi zaidi. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, umewazoesha walimu kukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Sioni kwa nini mikutano hiyo isitoe alasiri moja kwa jambo hili, walimu wakiwa wamevua viatu, wanachuchumaa wao wenyewe na kukosoana. Mtu aliyewahi kuhisi goti lake likiingia ndani ataliona la mwanafunzi kwa haraka.

Wapenda mpira wana kichocheo kingine. Programu ya kupasha mwili moto ya FIFA iitwayo 11+ huchukua dakika kama ishirini, na ndani yake mna kujihimili, kuruka na kutua, na kuimarisha nyuma ya mapaja. Toleo lake la watoto lilipojaribiwa katika nchi nne za Ulaya, majeraha yalipungua kwa karibu nusu. Shule inayojiandaa kwa UMITASHUMTA au UMISSETA na haitaki kumpoteza winga wake kwenye mashindano ya wilaya ina sababu yake ya kutulia na kusikiliza.

MAMA MZAZI: Hatujazungumzia wasichana. Binti akianza kusukuma na kuvuta, hatakuwa na mikono ya kibaunsa? Na wanaovaa hijabu na sketi ndefu?

TABIBU: Kabla ya kubalehe, nguvu ya mtoto, wa kike au wa kiume, huongezeka zaidi kwa sababu ubongo na neva vinajifunza kuiita misuli iliyokuwapo tangu awali. Misuli haitutumki. Hata baada ya hapo, msichana hapati mikono hiyo kwa mara kumi na tano za dumu la lita tano. Anachopata ni mifupa. Karibu robo ya madini ya mfupa wa utu uzima huwekwa ndani ya miaka kama miwili tu, wakati mtoto anaporefuka kwa kasi. Kwa wasichana wengi ni darasa la sita, la saba, kidato cha kwanza. Wavulana wanafuata nyuma kidogo. Ukimkalisha chini ya mwembe miaka hiyo, hairudi.

MWALIMU WA MICHEZO: Kuhusu mavazi, suruali ndefu ya michezo na fulana ya mikono mirefu vinatosha, na hijabu inabaki. Wakitaka kufanyia upande wa pili wa jengo na mwalimu wa kike, wafanye. Miendo ni ileile.

MWALIMU WA TAALUMA: Na alama je? Lazima nipate kitu cha kuandika kwenye ripoti.

TABIBU: Msiwapange kwa wingi wa pushapu, tafadhali.

Namuunga mkono, na nina mfano. Mwaka 1956 Rais Eisenhower wa Marekani aliunda baraza la kushughulikia ukakamavu wa vijana baada ya kuambiwa kwamba watoto wa Marekani walishindwa vibaya na wa Ulaya kwenye vipimo vya nguvu na wepesi wa mwili. Kuanzia 1966 kukawa na tuzo ya rais kwa wanafunzi waliofaulu vipimo: kujivuta kwenye bomba, kukimbia, kuinua kiwiliwili. Vizazi vya Wamarekani vinakumbuka kilichofuata, mtoto mnene akining'inia mbele ya darasa zima bila kupanda hata mara moja, mwalimu akiandika sifuri. Kipimo kilikuwapo, somo halikuwapo. Kiliachwa mwaka wa masomo wa 2012 na 2013, na mwaka 2025 Rais Trump akatia saini amri ya kukirudisha. Sisi tusianzie huko. Ripoti iandike mwanafunzi alianzia wapi na amefika wapi, na kama mwendo wake umenyooka.

Hadi hapo mwalimu wa nidhamu alikuwa hajasema neno. Alikuwa akizungusha funguo kidoleni.

MWALIMU WA NIDHAMU: Mimi naona mnanisema bila kunitaja. Pushapu zinanisaidia. Bora pushapu kuliko fimbo, si ndivyo mlivyokuwa mnaniambia?

MWALIMU WA MICHEZO: Tulikuambia, na tulikuwa na nia njema. Lakini asubuhi unamwambia mtoto, "Umekosa, lala chini piga ishirini." Saa nne nakuja mimi, namwambia, "Njoo, lala chini, piga nane, ni nzuri kwako." Atamwamini nani?

MWALIMU WA NIDHAMU: Akikua ataelewa.

MWALIMU WA MICHEZO: Akikua hatapiga tena. Ukishamaliza shule, nani anajipa adhabu mwenyewe? Halafu za kwako hazina mwendo. Mtoto anapiga ishirini kiuno kimeshuka, viwiko vimetawanyika, anaharakisha ili amalize. Mimi nahitaji muhula mzima kumtoa kwenye tabia hiyo. Kichura ndio zaidi, unawarusha uwanja mzima wakiwa wamekunja magoti hadi mwisho, kesho yake wananijia wanachechemea.

TABIBU: Baadhi yao wanafika kwangu.

MWALIMU WA NIDHAMU: Mnataka niandike kwamba pushapu zimefutwa kwenye adhabu.

MWALIMU WA MICHEZO: Mkuu wa shule aandike, ibandikwe ubaoni, na isomwe mstarini. Hicho ndicho kifaa cha kwanza ninachoomba. Madumu yatafuata.

MWALIMU WA NIDHAMU: Na kichura?

MWALIMU WA MICHEZO: Na kichura.

MWALIMU WA NIDHAMU: Na wachelewaji wa Jumatatu nitawafanyaje?

MWALIMU WA TAALUMA: Waandikishe insha. Kurasa mbili kila mmoja.

Mwalimu wa Kiswahili, ambaye hakuwamo kabisa kwenye orodha yangu ya wasemaji, alinyanyua kichwa kutoka kwenye rundo la madaftari aliyokuwa akiyasahihisha pembeni.

MWALIMU WA KISWAHILI: Insha nayo muiache.